Kitabu cha Wakfu Nilichokibandika Guangzhou

Nyinyi vijana mnaokwenda Guangzhou siku hizi na ramani mnayo kwenye simu, mnaniuliza kikohozi hiki nimekipata wapi, maana sivuti sigara na wala sikupata kufanya kazi ya saruji. Nimekipata kwenye vitabu. Ukungu wa karatasi kuukuu, ukiuvuta miaka mitatu ndani ya chumba chenye dirisha moja, kifua kinakuwa si chako tena. Sijafika miaka sitini, na ngazi za kwenda ghorofa ya kwanza napumzika katikati.

Basi leo nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, na nitawaambia habari ya kitabu kimoja kisichokuwa cha kuuzwa, na watu watatu waliokipoteza. Majina yao nayataja. Mmoja ni Seif Koti, mfanyabiashara wa kwetu. Wa pili ni Mzee Emrys, Mzungu. Wa tatu ni mimi, Omari wa Pemba.

Shule niliachia darasa la tano. Elimu yangu nyingine ni chuo cha Kurani cha Maalim Kombo, aliyenitia herufi za Kiarabu kwa bakora. Nikaweza kusoma msahafu, na pia barua za Kiswahili ambazo wazee wetu wakiziandika kwa herufi zile zile. Sikujua kama hiyo inahesabiwa elimu. Niliona ni kitu cha kawaida, kama kujua kuogelea.

Guangzhou nilikwenda miaka ile ya mwisho ya tisini, mfunga mizigo. Wafanyabiashara wetu wananunua mtaa wa Yide Lu, wanasesere huku, madaftari huku, uyoga mkavu kule, mimi nachanganya vyote kwenye robota moja na kulifunga lisipate maji ya bahari. Nailoni mizunguko mitatu, utepe wa gundi kwenye kila mshono, halafu gunia, halafu kamba unaivuta umelikalia kwa goti. Kinachokufa kwanza ni pembe, basi kwenye pembe unatia nguo. Robota langu lilifika Dar kama lilivyotoka. Nilijivunia hilo, na hilo ndilo lililonipa fedheha yangu ya kwanza.

Siku moja nimekalia robota nakula, nikasikia nyuma yangu, "Hujambo bwana? Kazi inaendeleaje?" Kiswahili cha redioni, kila neno limepigwa pasi. Nikageuka. Mzungu mrefu, mvi kichwa kizima, amefunga tai katika joto lile.

"Sijambo," nikamwambia. "Mwingereza umejifunza wapi Kiswahili?"

"Nilisomesha Tanganyika nikiwa kijana. Na mimi si Mwingereza."

"Mmarekani?"

"Mwelisi."

"Ndiyo kabila gani hiyo?"

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Pemba."

"Mtu akikuita Mtanganyika unasikiaje?"

Nikacheka mpaka wali ukanipalia. Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi.

Huyo ndiye Mzee Emrys. Baba yake alikuwa mfagiaji wa kanisa huko Welisi, nchi ndogo iliyounganishwa na Uingereza kama kiraka. Babu yake akiisema lugha yao shuleni akichapwa. Emrys akakua, akawa mbunge, akakaa bunge la London miaka mingi akibishana nao, na akizunguka mashambani kwao nyumba kwa nyumba akiuliza vikongwe, "Ndani ya kasha mna nini?" Alikusanya maandishi ya mkono ya lugha yao, mashairi, mahubiri, barua, daftari za wachunga kondoo. Hadithi aliyoipenda kuliko zote, akinywa chai ataisimulia, ni siku aliyosimama bungeni akawaambia Waingereza, "Vitabu vyetu mnavyo makabatini mwenu. Hamwezi kuvisoma. Virudisheni nyumbani." Akifika hapo macho yanamlowa. Nami nikimwona mtu wa maana sana.

Wapiga kura wake walimchoka, na yeye alikuwa ameshawachoka. Chuo kikuu kimoja cha Guangzhou kikamchukua kusomesha Kiingereza, na yeye akakubali kwa sababu alikuwa anafuata barua za mhubiri wa kwao aliyefia mji ule zamani. Chumba chake nusu ni kitanda, nusu ni karatasi. Alinitaka nimfungie mizigo ya kupeleka kwao.

Nikamfungia. Nailoni mizunguko mitatu.

Sasa mjue, Guangzhou kuna msimu mwanzo wa mwaka, baridi ikitoka na unyevu ukiingia, kuta zinatokwa jasho, sakafu inateleza, shuka hazikauki. Nilifunga zile barua msimu huo, nikaufungia unyevu ndani pamoja nazo. Mzigo ukakwama kwa wakala wiki sita kwa kukosa karatasi moja, ukarudishwa. Mzee akafungua kwa mkasi. Ndani mmeota manyoya ya kijani.

Hakunifokea. Alikaa sakafuni akafunua barua moja moja, kama mtu anayefungua bandeji ya mgonjwa asimuumize. Nilitamani anitukane. Alipofika ya mwisho akasema, "Bwana Omari, umezifunga kama viatu."

"Ndiyo ninavyojua, Mzee."

"Basi itabidi ujue zaidi."

Akanipeleka Wende Lu kwa fundi wa kubandika picha na maandishi kuukuu juu ya karatasi mpya, mzee wa Kichina anaitwa Shifu Liang. Shifu ndiyo fundi. Sikujua Kichina ila cha sokoni, cha kusema ghali mno na cha kuambiwa hakuna, na Shifu hakujua lugha nyingine. Miezi mitatu ya kwanza hakunipa karatasi hata moja. Alinipa unga. Unaukanda unga wa ngano ndani ya maji, unaukanda, unaukanda, mpaka ule mnato wake ujitenge, unautupa mnato, unabaki na maji meupe. Yale meupe yakitulia ndiyo unayapika yawe uji wa kubandikia. Ukitumia unga mzima, wadudu wanakushukuru. Nikikosea ananipiga kifundo kwa mpini wa brashi. Mimi nimetoka kwa Maalim Kombo, nikajiona niko nyumbani.

Kiraka hukati kwa mkasi. Unachora mstari wa maji kwa brashi halafu unachana, nyuzi zitoke, nyuzi ndizo zinazoshika. Siku moja nilikuwa na haraka, barua ya Mzee imepasuka mkunjo, nikaipiga selotepu. Shifu akaichukua ile rola ya selotepu akaitazama kama ameokota panya, akaitupa dirishani. Ikamwangukia muuza machungwa. Yule mama akapanda ngazi na rola mkononi, wakatukanana robo saa nzima, na mwisho wakanitazama mimi wote wawili. Tangu siku hiyo sikugusa selotepu, hata ya kufungia zawadi.

Mwaka wa pili mkono wangu ukawa mwepesi. Na habari zikawa zimeshatembea kwa watu wetu. Ijumaa tukitoka msikitini Guangta, mtu anakuja ananong'ona, "Omari, kweli yule Mzungu wako ananunua karatasi za mababu?" Wakaanza kuzileta kutoka nyumbani, ndani ya masanduku yaliyokuja matupu kuchukua bidhaa. Hati za mashamba, barua za ndoa, madaftari ya dawa. Makasha ya marehemu yalifunguliwa Unguja, Pemba, Tanga. Mimi nikimsomea Mzee. Wanafunzi wetu wa udhamini, wenye akili zao, waliletwa pale wakatazama zile herufi wakatikisa kichwa. Wao wana vyeti, mimi nina bakora za Maalim Kombo. Nilifurahi, sitawaficha. Nilipaswa kujiuliza mwenye kasha alisemaje. Sikujiuliza.

Ndipo Seif Koti akaleta kitabu.

Seif alikuwa mtu wa Unguja mwenye mama wa Pemba. Aliitwa Koti kwa kuwa alinunua makoti soko la Zhanxi kwa mizigo, anayauza Dar kwa watu wanaotokwa jasho. Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa, jalada la ngozi nyekundu, tenzi za kumsifu Mtume kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu, vichwa vya milango kwa wino mwekundu. Kinanuka ubani. Kila baada ya kurasa chache kuna tone la nta. Mgongo umeachia, kurasa zinatoka kama meno ya mzee.

Mzee Emrys alikishika kwa mikono miwili.

"Ni cha babu yangu," Seif akasema. "Kimebaki kwangu."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kiraka cha karatasi nene, kimepigwa gundi ya dukani, kigumu kama kucha. Seif akanivuta pembeni. "Hapo usihangaike, ami. Palichanika tu."

Kwa miezi minne nilikitengeneza kitabu kile. Nilikishona upya, nikaziba kila tundu la mdudu, kurasa mia mbili na zaidi, nikasubiri siku kavu ndipo nitie maji. Shifu Liang alikuja akapitisha kidole kwenye mshono, akaguna. Kwa Shifu, kuguna ni sherehe. Kazi nzuri kuliko hiyo sikuifanya kabla wala baada.

Kikabaki kile kiraka kwenye ukurasa wa kwanza. Sasa niambieni, fundi gani anaacha donda kama lile usoni mwa kazi yake? Nikaweka kitambaa chenye mvuke, nikangoja, nikapitisha kisu cha mwanzi. Kikang'oka kizima. Chini yake maandishi, wino mweusi, mkono wa mtu asiye na haraka:

*Hiki ni wakfu wa msikiti wa Kipungwini. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Atakayekigeuza, dhambi ni yake.*

Kipungwini ni mwendo wa miguu kutoka kwetu. Nikiwa mdogo, Mfungo Sita tukienda kule kwa Maulidi, tunapewa halua na kahawa, na wazee wanasoma kwa zamu katika kitabu kikubwa. Sikupata kukiona kwa karibu, watoto tulikaa nje barazani. Miezi minne nimekishika na sikukijua.

Nilimkuta Seif Zhanxi, amezungukwa na mikokoteni, anabishana bei na mwenye duka, laoban mmoja mwanamke mwenye kikokotoo.

"Seif, kitabu ni cha Kipungwini."

Hakugeuka. "Nani kasema?"

"Kimesema chenyewe."

Hapo akageuka. "Nilikwambia usihangaike na kile kiraka. Wewe fundi au askari?"

"Umekipataje?"

"Sikuiba. Walinipa wenyewe, kwa mikono yao, na dua wakanisomea. Kitabu kimekufa, hakisomeki. Wakasikia China kuna mafundi wa karatasi. 'Mwanetu Seif, tupelekee kikatengenezwe.' Nikakileta. Hakikutengenezwa?"

"Kimetengenezwa."

"Na nani?"

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Na wewe," akasema. "Basi ahadi imetimia nusu. Kile kizee chao Mzee Shaali nitamwambia kilizama." Akamgeukia laoban. "Tai gui le, mama, ghali, shusha." Nami nikabaki nimesimama kati ya makoti.

Mnaona? Walikileta kwangu. Bila ya kunijua, wazee wa Kipungwini walikileta kwa mtu mmoja mji mzima wa Guangzhou aliyeweza kukisoma na kukitengeneza. Kilifika palipotakiwa. Kilikuwa kimebakisha safari ya kurudi tu.

Nikaenda kwa Mzee Emrys, na sikuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya Waingereza. Nilimsomea ule ukurasa mara mbili, nikamfasiria wakfu ni nini.

Alivua miwani. Akaifuta muda mrefu.

"Bwana Omari, ulikiona kilivyokuja. Wadudu, nta, maji. Miaka kumi mingine kisingekuwepo."

"Ndiyo maana walikileta kutengenezwa, Mzee."

"Kwetu kitakaa pahala pakavu. Pana joto la kipimo. Wataalamu watakisoma."

"Mtaalamu gani wa kwenu anasoma herufi hizi?"

"Watajifunza."

"Kipungwini kinasomwa kila mwaka. Kinasomwa na watu wanaitikia. Mzee, si wewe uliyewaambia wale wa London hawawezi kuvisoma, wavirudishe?"

Uso ukamwiva. Nilidhani sasa atanifukuza, na ingekuwa afadhali. Lakini alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa hafukuzi mtu mwenye kazi mkononi. Akavaa miwani. "Ile ilikuwa tofauti," akasema taratibu. "Vile vilichukuliwa. Hiki nimekinunua kwa mtu aliyekileta mwenyewe." Halafu akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. "Barua yako ya ukaazi inaisha mwezi ujao. Chuo kinataka saini yangu kwamba bado nakuhitaji uwe msaidizi wangu. Nataka kusaini. Nakuhitaji. Forodhani watamwita mtu wa kusoma ukurasa ule, na mimi nitakwama. Kirudishe kiraka."

Alisema kwa upole, kama anayeomba chumvi.

Nilikuwa na mke na watoto wawili Pemba wanaokula kwa mikono yangu hii. Hiyo ni sababu, na nimeishi nayo, na bado haijanishibisha. Nilichagua karatasi ya rangi ile ile, nikachora mstari wa maji, nikachana, nyuzi zikatoka vizuri. Nikapaka. Kiraka changu kilikaa juu ya yale maandishi hata wewe ungepitisha kidole usijue. Seif alificha wakfu kwa gundi ya dukani, kila mtu akaona pana kitu. Mimi niliuficha kwa ufundi.

Mzee naye alitaka kulala usingizi wa raha. Akakipeleka kitabu duka la fotokopi nje ya lango la chuo, wakakipiga kurasa zote, wakazitia jalada la plastiki na meno ya plastiki mgongoni. "Hii wape wenyewe," akaniambia. "Maneno yote yamo." Na wallahi aliamini ametenda haki. Hilo ndilo lililonichosha kwake kuliko yote. Seif alijua ni mwizi.

Mzee akaondoka mwaka ule ule, kitabu kikiwa kwenye begi la mkononi, nimemfungia mwenyewe, kitambaa cha pamba na mbao mbili nyembamba, bila nailoni. Alipoondoka, ile barua aliyoisaini ikawa haina maana, nami nikarudi nyumbani na kifua kibovu na fotokopi. Mwaka mmoja baadaye mwanafunzi mmoja akaniletea habari kwamba Mzee Emrys amefariki na watoto wake wamevitoa vitabu vyote kwa maktaba ya huko kwao. Seif Koti yuko Kariakoo, anauza mapazia. Muulizeni.

Ilinichukua muda kwenda Kipungwini. Nilikuwa kila nikivaa kanzu naivua. Mwishowe nikaenda. Mzee Shaali, mtunza kitabu, alinikaribisha ndani, akaagiza kahawa. Nikaifungua ile fotokopi kutoka kwenye kitambaa.

Akafurahi kwanza. Akageuza. Akaweka kidole kwenye doa jeusi. "Hii nta. Mshumaa uliangushwa na kaka yangu, akapigwa." Akageuza tena, akasoma beti mbili kwa sauti, mkewe akaitikia kutoka ndani. Halafu akarudi mwanzo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe katikati.

"Hapa paliandikwa."

"Najua, Mzee."

"Seif alisema kilizama."

"Hakikuzama. Kiko Ulaya."

"Na nani kapafunika hapa?"

"Mimi."

Kahawa ikaja, akanimiminia, akangoja ninywe. Nikanywa. Kisha akaifunga ile fotokopi ndani ya kitambaa changu, kona kwa kona, akanisogezea mkekani.

"Tukikipokea hiki, mwanangu, tumekubali badala. Sisi hatukuweka badala. Rudi nacho kwa aliyekutuma, umwambie tunangoja chetu."

"Aliyenituma amekufa, Mzee."

"Basi mwambie aliye hai."

Mzee Shaali naye hayupo sasa. Nimewaambia nyinyi. Najua wapo kati yenu wanaopata udhamini mpaka huko Welisi, siku hizi mnakwenda kila pahala. Mmoja akifika, aingie maktaba aombe kitabu cha tenzi cha ngozi nyekundu, kutoka Pemba. Afungue ukurasa wa kwanza, amwite mkubwa wa pale asimame karibu. Aombe pamba na maji ya uvuguvugu, aiweke katikati ya ukurasa, angoje kiasi cha kunywa kikombe kimoja cha chai. Asikwangue. Kiraka nilikibandika kwa uji mwepesi wa ngano, wa Shifu, ulioondolewa mnato. Kitaachia chenyewe. Maneno ya chini yake mmeshayasikia. Halafu awasomee.